Oscar Micheaux: Mkulima Aliyetengeneza Sinema

Bila shaka umewahi kuona sinema. Labda uliiona zamani, siku gari la sinema lilipofika kijijini. Labda umeiona katika televisheni, au katika kibanda cha video karibu na soko. Uliwaona watu wakitembea, wakigombana, wakicheka na kulia. Je, uliwahi kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba mtu huyu katika hadithi awe mwema, na yule awe mwovu? Ni nani aliyetoa fedha? Ni nani aliyekataa kitu fulani kisionyeshwe?

Katika kurasa hizi utasoma habari za mtu mmoja mweusi wa Marekani. Jina lake ni Oscar Micheaux. Jina la pili hutamkwa Misho. Alikufa mwaka 1951. Katika maisha yake alikuwa mng'arisha viatu, mtumishi wa treni, mkulima, mwandishi na mchuuzi wa vitabu. Mwishowe akawa mtengenezaji wa sinema. Hakuajiriwa na kampuni kubwa ya sinema hata moja. Alitafuta fedha mwenyewe, akaandika hadithi mwenyewe, akapiga picha na waigizaji wake, kisha akazichukua filamu zake mji hata mji kuzitafutia mahali pa kuonyeshwa. Alitengeneza filamu zaidi ya 40.

UTOTO WAKE

Oscar alizaliwa tarehe 2 Januari, 1884, karibu na mji mdogo uitwao Metropolis, katika jimbo la Illinois. Mji huo uko kando ya mto mkubwa wa Ohio. Ng'ambo ya mto ni jimbo la Kentucky. Ng'ambo hiyo ndiko baba yake, Calvin, alikozaliwa akiwa mtumwa. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Kwa hiyo Oscar alizaliwa katika uhuru, lakini baba yake aliujua utumwa kwa macho yake.

Wazazi wake walikuwa wakulima, na watoto nyumbani walikuwa wengi. Mama yake, Belle, alithamini sana elimu. Kwa ajili ya masomo ya watoto familia ilihamia mjini kwa muda. Baadaye fedha zilipungua, wakarudi shambani. Oscar hakufurahia kurudi. Alifanya kazi ya shamba kwa uvivu, na baba yake alichoka naye. Basi baba akampa kazi nyingine: kupeleka mazao mjini na kuyauza. Hapo kijana akabadilika. Alipenda kuzungumza na wateja, kusikiliza wanataka nini, na kuwashawishi wanunue. Kumbuka jambo hili, msomaji, maana ndilo lililomlisha maisha yake yote.

CHICAGO NA TRENI

Alipokuwa na umri wa miaka 17, Oscar alikwenda Chicago. Alikaa kwa kaka yake, akatafuta kazi. Alifanya kazi katika machinjio makubwa ya ng'ombe, na katika viwanda vya chuma. Wakala mmoja wa kutafutia watu kazi alimlaghai dola 2. Kwa mtu maskini wa wakati ule dola 2 zilikuwa fedha nyingi. Basi akaamua kutomtegemea mtu. Alifungua mahali pake pa kung'arisha viatu, katika kinyozi cha matajiri nje ya mji. Pale aling'arisha viatu huku akisikiliza jinsi wenye mali wanavyozungumza habari za biashara.

Kisha akapata kazi katika treni. Kampuni iitwayo Pullman ilikuwa na mabehewa ya kulala, na watumishi wake walikuwa watu weusi. Walitandika vitanda, walibeba mizigo, waling'arisha viatu vya wasafiri usiku. Mshahara ulikuwa mdogo. Lakini kwa watu weusi wa siku zile ilikuwa kazi ya heshima. Oscar alisafiri sehemu nyingi za Marekani, akaona mashamba na miji, akaweka akiba. Alipoacha kazi hiyo alikuwa na zaidi ya dola 2,000 benki.

SHAMBA LA DAKOTA

Mwaka 1904 serikali ya Marekani ilifungua ardhi katika wilaya ya Gregory, jimbo la South Dakota. Ardhi hiyo ilikuwa ya Walakota, ambao wazungu huwaita Wasioux. Hapo kwanza serikali ilikuwa imeahidi kuwa sehemu hiyo itabaki yao. Baadaye ikaipunguza na kuigawa kwa walowezi. Jambo hili tusilipite haraka. Oscar alikuwa mtoto wa mtumwa aliyetafuta mahali pa kusimama, na mahali alipopapata palikuwa pamechukuliwa kwa watu wengine.

Waliotaka mashamba walikuwa wengi kuliko mashamba yenyewe, hivyo serikali ilipiga kura. Oscar hakubahatika katika kura. Akanunua haki ya mtu aliyelitoa shamba lake. Lilikuwa la ekari 160, kama yalivyokuwa mashamba ya walowezi wengi.

Nchi ile ni tambarare. Miti ni michache, upepo ni mwingi, na wakati wa baridi theluji hufunika kila kitu. Udongo wake ulikuwa haujalimwa. Mizizi ya majani ilishikamana kama mkeka. Ilitakiwa plau nzito na wanyama wenye nguvu. Oscar hakujua farasi. Wachuuzi waliliona hilo mara moja, wakamwuzia farasi wabovu. Majirani zake, karibu wote wazungu, walimcheka. Walidhani baada ya muda mfupi atafunga mizigo na kurudi Chicago.

Hakurudi. Alijifunza kukokotesha plau, akaanguka na kuanza tena. Majirani wengine waliacha mashamba yao; yeye aliendelea kulima. Kufikia mwaka 1910 alikuwa na karibu ekari 500. Mwaka huo huo aliandika makala katika gazeti la watu weusi la Chicago, liitwalo Chicago Defender. Aliwahimiza watu weusi wa mijini waende magharibi wakachukue ardhi kabla haijaisha. Wachache tu walimsikia, na yeye hakuficha hasira yake. Oscar alikuwa mkali kwa watu wake. Wakati mwingine alikuwa mkali kupita kiasi.

Mwaka huo wa 1910 alioa. Mke wake alikuwa Orlean McCracken, binti wa mhubiri wa Chicago. Ndoa hiyo ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Binti wa mjini aliletwa kwenye nyumba ndogo katikati ya mbuga, mbali na mama yake na dada yake. Mume wake alishinda shambani. Mkwe wake, yule mhubiri, alipenda kuheshimiwa na kusifiwa, na Oscar hakujua kusifu. Mwaka 1911 Orlean alijifungua mtoto aliyekufa, na siku hiyo Oscar hakuwapo nyumbani. Mhubiri alikuja akamchukua binti yake, akarudi naye Chicago. Oscar alimfuata akambembeleza, lakini hakumpata tena.

Mwaka huo huo ukaja ukame. Wewe mkulima unajua maana ya neno hilo, sina haja ya kukueleza. Mazao yalikauka. Oscar alikuwa na madeni, kwa sababu alikuwa amenunua ardhi zaidi kwa fedha za kukopa. Polepole benki na wenye kumdai wakayachukua mashamba yake.

KITABU KILICHOUZWA MLANGO KWA MLANGO

Msomaji, fikiri juu ya mtu huyo. Hana mke, hana mtoto, shamba linamponyoka. Alifanya nini? Alikaa chini akaandika.

Oscar hakuwa na elimu kubwa. Lakini alipenda kusoma tangu utotoni, na usiku wa baridi katika nyumba ya mbugani ni mrefu. Aliandika hadithi ya maisha yake mwenyewe: treni, farasi wabovu, ndoa, ukame. Alibadilisha majina ya watu. Kitabu kilichapishwa mwaka 1913 katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, kwa jina la The Conquest, maana yake Ushindi. Jina lake mwenyewe hakuliweka.

Kisha akaenda kukiuza. Alizunguka mlango kwa mlango, shamba kwa shamba, kwa majirani wale wale waliomcheka. Na walinunua! Labda walitaka kuona amewasema nini. Aliandika kitabu cha pili mwaka 1915, na cha tatu mwaka 1917. Hicho cha tatu kiliitwa The Homesteader, yaani Mlowezi. Kilikuwa tena hadithi ya mkulima mweusi wa Dakota. Wakati huo Oscar alikuwa amehamia katika mji wa Sioux City, jimbo la Iowa.

KUINGIA KATIKA SINEMA

Siku zile sinema ilikuwa jambo jipya, nayo haikuwa na sauti. Watu walionekana wakizungumza, lakini hawakusikika. Kila baada ya muda maandishi yalitokea kwenye kitambaa cheupe, yakieleza kilichosemwa. Aliyejua kusoma alisoma. Asiyejua alimwomba jirani yake amsomee.

Mwaka 1915 ilitoka sinema moja kubwa iitwayo The Birth of a Nation, yaani Kuzaliwa kwa Taifa. Mtengenezaji wake alikuwa mzungu, D. W. Griffith. Kwa ufundi wa kupiga picha ilikuwa ya ajabu. Kwa hadithi yake ilikuwa sumu. Iliwaonyesha watu weusi kuwa wajinga na wakatili, na wengi wa watu weusi hao walikuwa wazungu waliopakwa rangi usoni. Kundi la Ku Klux Klan, lililokuwa likiwaua na kuwatisha watu weusi, lilionyeshwa kuwa mashujaa. Sinema hiyo ilionyeshwa hata katika Ikulu ya Marekani. Mwaka huo huo Ku Klux Klan, lililokuwa limekufa, lilianzishwa upya. Unaona, msomaji, picha si mchezo tu.

Watu weusi wachache walianza kutengeneza filamu zao. Kampuni moja iliyoitwa Lincoln iliendeshwa na ndugu wawili. Noble Johnson alikuwa mwigizaji, na George Johnson alikuwa karani wa posta. Mwaka 1918 George alisoma habari za kitabu cha The Homesteader, akataka kukifanya sinema. Oscar alikubali, lakini kwa sharti moja: yeye mwenyewe aisimamie kazi hiyo. Ndugu wa Lincoln walikataa. Mtu huyu alikuwa hajawahi hata kushika kamera.

Basi Oscar akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Fedha alizipata wapi? Aliuza hisa. Hisa ni sehemu ya mali ya kampuni. Ukinunua hisa unakuwa mmoja wa wenye kampuni. Aliwarudia wakulima wazungu wa sehemu za Sioux City, wengine wakiwa wamekwisha kununua vitabu vyake, akawauzia hisa kwa dola 75 hadi 100 kila moja. Kwa fedha za wakulima hao alitengeneza filamu yake ya kwanza.

Filamu ya The Homesteader ilionyeshwa Chicago mwezi Februari 1919. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa na Mmarekani mweusi. Ndani yake alikuwamo mhubiri mnafiki anayevunja ndoa ya binti yake. Haikuwa vigumu kujua ni nani aliyekusudiwa! Wahubiri fulani wa Chicago walikwenda kwa wakaguzi wa filamu, wakaomba izuiwe. Kwa muda ilizuiwa, kisha ikaruhusiwa. Oscar alikuwa mfanyabiashara hodari. Aliwatangazia watu kwamba hii ndiyo filamu iliyotaka kuzuiwa. Watu wakafurika.

MWALIMU SYLVIA

Mwaka huo wa 1919 ulikuwa mwaka wa damu. Askari weusi walikuwa wamerudi kutoka Vita Kuu huko Ulaya, na wazungu wengi hawakutaka wadai haki zao. Katika miji mingi wazungu waliwashambulia watu weusi. Mwezi Julai ghasia zilianza Chicago, baada ya kijana mweusi kupigwa mawe na kufa majini katika ziwa Michigan. Watu 38 waliuawa, 23 kati yao weusi.

Miezi michache baadaye, Januari 1920, Oscar alitoa filamu yake ya pili. Jina lake ni Within Our Gates, yaani Ndani ya Milango Yetu. Nitakusimulia hadithi yake, kwa sababu inahusu kusoma na kuhesabu.

Yupo binti mweusi aitwaye Sylvia Landry. Ni mwalimu katika shule ya watoto maskini huko kusini. Shule haina fedha, na itafungwa isipopata dola 5,000. Sylvia anakwenda kaskazini kutafuta msaada. Huko anagongwa na gari la bibi mmoja tajiri wa kizungu. Bibi huyo anausikia mkasa wa shule, anataka kusaidia. Lakini rafiki yake, mzungu wa kusini, anamshauri asitoe. Anamwambia kuwa elimu itawaharibu watu weusi, na kwamba dola 100 akipewa mhubiri mmoja mweusi zitatosha kuwatuliza. Mhubiri huyo yumo katika filamu. Anawafundisha waumini wake waridhike na umaskini, kisha akiwa mbele ya wazungu anajifanya kichekesho ili apewe fedha. Anapobaki peke yake, uso wake unabadilika. Anajua kuwa amewauza watu wake.

Mwishowe bibi tajiri anatoa dola 50,000. Shule inapona. Lakini filamu haiishii hapo. Tunaonyeshwa maisha ya nyuma ya Sylvia.

Alilelewa na mkulima mweusi aliyelima shamba la mzungu kwa kugawana mazao. Wakulima wa namna hiyo walikuwa wengi kusini. Mwenye shamba aliandika hesabu zote mwenyewe: mbegu kiasi hiki, chakula kiasi hiki, deni kiasi hiki. Mkulima asiyejua kusoma hakuweza kubisha. Kila mwaka alivuna, na kila mwaka aliambiwa bado anadaiwa. Sylvia alipata elimu, akaanza kumwandikia baba yake hesabu. Sasa wana karatasi yao. Baba anakwenda kwa mwenye shamba na karatasi hiyo ili alipe deni lake na kumaliza. Mwenye shamba anakasirika. Wanabishana. Wakati huo huo mzungu mwingine, maskini aliyewahi kudhulumiwa na mwenye shamba huyo, anampiga risasi kupitia dirishani. Mwenye shamba anakufa. Mtumishi wake mweusi, mpenda umbea, hakumwona muuaji. Anakimbia kutangaza kuwa mkulima ndiye aliyeua.

Kundi la wazungu linakusanyika, wanaume, wanawake na watoto. Hakuna mahakama. Wanamkamata mkulima na mke wake, wanawanyonga. Mtoto wao mdogo anaponyoka kwa kurukia farasi. Yule mtumishi mmbea anajiona rafiki wa wazungu. Wanapochoka kungoja wanamwua yeye pia.

Mambo hayo hayakuwa ya kubuni tu. Mauaji kama hayo yalitokea kweli kusini ya Marekani, mara nyingi. Lakini hakuna aliyethubutu kuyaonyesha kwenye sinema namna hiyo. Wakaguzi wa Chicago waliikataa filamu mwanzoni, wakisema italeta ghasia tena. Weusi na weupe waliungana kuipinga, na wengine waliungana kuitetea. Iliruhusiwa baada ya kukatwa sehemu fulani. Katika miji mingine haikuonyeshwa kabisa. Mimi naona hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Karatasi moja ya hesabu inaleta hofu kuliko bunduki.

JINSI ALIVYOFANYA KAZI

Oscar alikuwa mrefu na mnene, na alipenda kuvaa koti refu zito kama tajiri. Alisafiri kwa gari kwenda majumba ya sinema ya watu weusi, hasa kusini. Alichukua filamu iliyokwisha, na picha za waigizaji wa filamu ambayo bado haijaanza. Alimwonyesha mwenye jumba picha hizo, akamweleza hadithi kwa maneno matamu, akaomba malipo ya mbele. Kwa malipo hayo alirudi kutengeneza filamu aliyokwisha kuiuza. Ni ule ufundi wa kijana aliyetumwa sokoni na baba yake.

Pale ambapo jumba lilikuwa la wazungu peke yao, aliomba apewe usiku wa manane. Wazungu wakishakwenda kulala, watu weusi waliingia.

Fedha zilikuwa chache siku zote. Alipiga picha katika nyumba za marafiki. Mwigizaji akikosea neno, mara nyingi kosa lilibaki, kwa maana kurudia ni kutumia filamu nyingine. Ukiziangalia filamu zake leo utaona mambo hayo. Nyingine zinachosha, nisikufiche.

Mwaka 1925 alitengeneza filamu ya Body and Soul, yaani Mwili na Roho. Ndani yake aliigiza Paul Robeson, kwa mara ya kwanza katika sinema. Baadaye Robeson alikuwa mwimbaji mashuhuri duniani na mpigania haki, na alipoishi London alisoma Kiswahili. Katika filamu hii yeye ni mhalifu anayejifanya mhubiri. Anamwibia mama maskini akiba aliyoificha ndani ya Biblia. Umeona kuwa wahubiri wabaya ni wengi katika hadithi za Oscar. Kidonda cha mkwe wake hakikupona.

Mwaka 1926 alioa tena. Mke wake, Alice Russell, alikuwa mwigizaji. Aliigiza katika filamu nyingi za mumewe na kumsaidia kuziendesha. Ndoa hii ilidumu mpaka kifo.

MIAKA MIGUMU

Mwaka 1928 kampuni yake ilifilisika. Kisha sinema zikaanza kuwa na sauti, na mitambo ya sauti ni ghali. Watengenezaji weusi wengi waliacha kazi wakati huo. Oscar alitafuta fedha kwa wazungu wenye majumba ya burudani huko New York, na mwaka 1931 akatoa The Exile. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza yenye sauti kutengenezwa na mtu mweusi.

Lakini lawama ziliongezeka. Watu weusi wengi walisema kuwa katika filamu zake watu wema wana rangi nyeupe-nyeupe, na wabaya ni weusi zaidi. Mwaka 1938 filamu yake ya God's Step Children ilipingwa kwa maandamano New York, nayo ikaondolewa. Walioandamana hawakukosea kabisa. Oscar alipambana na ubaguzi wa wazungu maisha yake yote, lakini baadhi ya mawazo ya ubaguzi huo yalikuwa yamemwingia yeye mwenyewe.

Katika miaka ya 1940 alirudi kuandika vitabu, na kuviuza kama zamani. Mwaka 1948 alitoa filamu yake ya mwisho, The Betrayal. Ilikuwa na zaidi ya saa 3, na kwa mara nyingine ilikuwa habari za mkulima mweusi wa Dakota. Magazeti yaliicheka, na fedha zake zikapotea.

Alikufa tarehe 25 Machi, 1951, mjini Charlotte, North Carolina. Alikuwa safarini kwa biashara. Alizikwa Great Bend, jimbo la Kansas, walikozikwa jamaa zake.

KUSAHAULIWA NA KUKUMBUKWA

Kwa muda mrefu baada ya hapo alisahauliwa. Filamu zake zilipotea. Filamu za siku zile zilitengenezwa kwa kitu kinachoshika moto upesi na kuoza zikihifadhiwa vibaya. Tena nakala zilikuwa chache, na zilichakaa kwa kusafirishwa. Katika filamu zake zisizo na sauti, zaidi ya 20, tunazo 3 tu.

Ile ya mwalimu Sylvia ilipatikana Hispania, katika hifadhi ya filamu ya Madrid. Ilikuwa imepewa jina jingine, La Negra, na karibu maandishi yake yote yalikuwa ya Kihispania. Hakuna aliyejua jinsi ilivyokuwa imefika huko. Maktaba ya Bunge la Marekani iliitengeneza upya mwaka 1993, na maneno yakatafsiriwa kurudi katika Kiingereza. Ndiyo filamu ndefu ya zamani kuliko zote iliyobaki, kati ya zile zilizotengenezwa na Wamarekani weusi.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1986 chama cha waongozaji wa filamu cha Marekani kilimpa tuzo. Mwaka 1987 jina lake liliwekwa katika njia ya nyota huko Hollywood, mahali ambapo hakuna aliyempa kazi. Mwaka 2010 picha yake ilitokea kwenye stempu ya posta.

Lakini heshima inayonigusa mimi zaidi ni ya Gregory. Mji ule ni mdogo, na watu wake wengi ni wazungu na wakulima. Katika miaka ya 1990 walianzisha tamasha la filamu kwa jina la Oscar Micheaux, yule jirani mweusi ambaye babu zao walimcheka kwa farasi wake wabovu. Wataalamu na waigizaji walisafiri kutoka mbali kufika mbugani. Watu walikaa pamoja kuziangalia filamu zake, wakazijadili, pamoja na makosa yake. Great Bend nako, Machi 2001, palifanyika tamasha la kukumbuka miaka 50 tangu kifo chake, karibu na kaburi lake.

Filamu moja haikuonyeshwa Gregory. Ni The Homesteader, ile ya kwanza, iliyotengenezwa kwa fedha za wakulima na kueleza habari za shamba lile lile. Wanaozitafuta filamu za zamani wanaendelea kuitafuta. Haijaonekana bado.